Mtoto Gani, Dakika ya Ngapi

Tangu serikali ifute majina ya kizungu, mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya Kampemba hakupaswa tena kuitwa Casimir. Kwenye karatasi alikuwa raia Tshibangu, au sitwayeni Tshibangu kwa Kifaransa. Mtaani alibaki Casimir, ila kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeulizia pombe mlangoni pa parokia.

Shule yenyewe ilikuwa ya Mapadri, kisha ikawa ya taifa. Msalaba uliondolewa ukutani, na mahali pake pakabaki msalaba mwingine, mweupe, pale ambapo vumbi halikufika kwa miaka thelathini. Picha ya Rais iliyoletwa kuufunika ilikuwa fupi. Ncha ya chini ya msalaba iliendelea kuchungulia, na kwa kuwa hakuna waraka uliozungumzia ncha, iliachwa.

Darasa la Casimir lilikuwa darasa la mazoezi. Maana yake, kila Jumatano vijana wa shule ya ualimu, ambao sisi huku tunawaita mastajeri, walikuja kujifunzia kazi juu ya watoto wake arobaini na sita, kama kinyozi mgeni anavyojifunzia kazi juu ya kichwa cha shemeji yake. Mmoja alifundisha, wenzake kumi walikaa nyuma kwenye viti vya kuazima, daftari magotini, wakihesabu makosa.

Matokeo yake ni kwamba watoto wa darasa hilo walikuwa wamefundishwa kuliko watoto wowote wa mji. Casimir alipanda nao kutoka darasa la kwanza, kwa hiyo walikuwa na uzoefu wa miaka miwili. Kitabu cha mwalimu kilishauri kuanza na tunda la mahali, na kila stajeri alileta avoka, yaani parachichi. Walikuwa wameiona avoka ikichambuliwa mara ishirini na nane. Siku moja stajeri mmoja, jasho likimtoka, alishika kisu kabla ya wakati, na sauti ya upole ikamjia kutoka benchi la mbele:

“Bado, sitwayeni. Kwanza unatuuliza juu ya ngozi. Kisha njo unakata.”

Stajeri akashukuru, akauliza juu ya ngozi.

Somo la pili kwa umaarufu lilikuwa kupima. Kilichopimwa kilikuwa benchi, kwa sababu benchi lilikuwepo. Lilikuwa na urefu wa mita moja na sentimita ishirini. Watoto walilijua jibu hilo kama walivyojua wimbo wa Chama wa kila asubuhi, na walilitoa karibu kwa sauti ileile.

Baada ya somo watoto walitoka kucheza, na kritiki ikaanza. Desturi ya kritiki ni kwamba aliyefundisha anajikosoa mwenyewe kwanza, kabla wengine hawajamrarua. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba kila kosa alilokiri lilipunguza alama, na hivyo miaka ikienda mastajeri walirithishana makosa matatu yasiyomdhuru mtu: sauti ilikuwa ndogo, ubao haukufutwa vizuri, muda haukutosha. Casimir aliyaita makosa ya adabu. Alishaona madaftari ambamo makosa hayo yaliandikwa kwa wino siku moja kabla ya somo.

Alimwacha stajeri amalize, akasafisha miwani yake kwa ncha ya shati, akauliza swali lake moja:

“Mutoto gani ulimupoteza, na dakika ya ngapi?”

Swali hilo hakulitoa kitabuni. Mwaka wa 1961, Wakasai wa mji huu, yeye mmojawapo, walipofukuzwa majumbani wakakimbilia kambi ya mahema, Casimir alikuwa mwalimu wa miaka ishirini na minne, na alipewa turubai moja na watoto mia moja na kumi. Hakukuwa na ubao, kwa hiyo hakuna aliyemlaumu kwa kutoufuta. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu: asubuhi wangapi, jioni wangapi, na kama kuna tofauti, nani. Kambi ilipofungwa alirudi mjini na tabia hiyo. Hakuwahi kueleza ilitoka wapi. Mastajeri walidhani ni ukali tu.

Habiba, binti wa Asani fundi cherehani, alidhani hivyo pia. Alikuja kama stajeri mwaka wa 1968. Babu zake walitoka Maniema na vyerehani vyao, na katika ukoo mzima hakuna mwanamke aliyewahi kulipwa kwa kusema. Alifundisha avoka, na alifundisha vizuri. Alikiri makosa ya adabu, kwa mpangilio. Casimir akauliza swali lake.

“Hakuna, Mwalimu. Bote balisikia.”

“Bote?”

“Bote.”

“Basi weye umenipita. Mie kila siku minapotezaka watatu.”

Wenzake wakacheka. Habiba alikwenda nyumbani na hasira, akalala nayo usiku mbili. Ijumaa alirudi peke yake, akasimama mlangoni, na salamu akaisahau.

“Ni ule wa benchi ya ine, wa kaptula ya kijani. Dakika ya kumi na moja. Alitaka kuuliza kitu, nikamwambia anyamaze kwanza. Hakuinua tena mukono.”

“Alitaka kuuliza nini?”

“Sijue.”

“Enda umuulize. Eko pale inje, anacheza.”

Akaenda. Mtoto alitaka kujua kama avoka ina kokwa moja siku zote, ao kuna zingine ziko na mbili. Habiba hakujua. Casimir naye hakujua. Walikubaliana kwamba somo halikuwa baya.

Ndivyo alivyoendelea, mwaka baada ya mwaka, mpaka Januari ya 1976 ulipokuja waraka. Walimu wote wa madarasa ya mazoezi wasio na diploma kamili wafanye mtihani wa vitendo mbele ya juri, kama mastajeri, mwezi wa Mei. Atakayefaulu abaki. Atakayeshindwa apelekwe kujaza nafasi zilizo wazi. Orodha ya nafasi zilizo wazi ilikuwa na jina moja: Mitwaba. Casimir alikuwa na cheti cha Mapadri cha miaka miwili, chenye mhuri mzuri sana wa ofisi ambayo haikuwepo tena.

Mkewe Martine alikuwa na meza ya samaki wakavu wa Kilwa, ile ya kwetu ya ziwani, katika soko la Kampemba. Meza hiyo aliipigania miaka tisa, na ilikuwa kwenye kona ambapo mtu hawezi kufika kwa wauza mboga bila kupita mbele yake.

“Mitwaba,” alisema. “Kule samaki yangu nitauzia nani?”

“Kuko bantu Mitwaba.”

“Bale bantu beko na mashamba yabo, banakula mihogo yabo. Weye Casimir, unabafundisha bastajeri miaka yote, sasa utaanguka staji?”

“Inawezekana.”

“Usiseme inawezekana. Sema hapana.”

“Hapana.”

“Sema na nguvu.”

Akasema kwa nguvu. Jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna ugomvi.

Juri ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi, mtu mnene mwenye abakosi, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake. Wa pili alikuwa direkta wa shule, Alphonse, ambaye hakumwogopa mtu yeyote aliye hai lakini aliogopa kila karatasi. Wa tatu, katibu, alikuwa Habiba. Sasa alikuwa mwalimu wa malezi katika shule ya ualimu, na ndiye aliyewatuma mastajeri Kampemba kila Jumatano. Alipolalamika kwamba mtahiniwa alikuwa mwalimu wake, alijibiwa kwamba sisi sote ni wanafunzi wa Chama, na jina lake likabaki kwenye orodha.

Jumanne alasiri alifika nyumbani kwa Casimir. Alikataa kiti, kisha akakaa.

“Tata, kesho ufundishe kupima. Ile batoto banaijua, itaenda kama maji.”

“Minafikiri vile.”

“Na ku kritiki, useme makosa ya adabu. Matatu. Usiongeze.”

Casimir akavua miwani. “Weye njo unaniambia vile?”

“Mie njo nakwambia. Mambo ingine yote banasamehe. Lakini kosa la somo ku ubao, njo kuanguka, hakuna mazungumuzo. Basi uandike ku ubao kitu unajua, useme makosa matatu, urudie kwako. Mitwaba iko mbali.”

“Sikia ule mutoto,” Martine alisema kutoka jikoni. “Eko na akili. Ni nani alimufundisha?”

Jumatano, tarehe kumi na mbili Mei, saa mbili na robo, baada ya bendera na wimbo, Casimir alisimama mbele ya watoto wake na shati alilooa nalo. Juri ilikaa nyuma. Somo lilikwenda kama maji, sawasawa na utabiri.

Alianza kwa kuwauliza watoto wakadirie kwa macho. Walifikiri, na walifikiri kwa nyuso, kwa sababu walijua wageni wanapenda hivyo. Mmoja alisema mita mbili, ili wengine wapate mtu wa kusahihisha; kazi hiyo walipeana kwa zamu. Kisha kila benchi likapewa tete lililokatwa mita moja na kugawanywa kwa alama za wino, na watoto wakainama kupima. Waliinama vizuri sana. Walipoinuka, walitoa jibu kwa sauti moja:

“Mita moja na sentimita makumi mbili!”

Casimir akaandika ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri: 1 m 20. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mkono mmoja ulikuwa bado juu. Ulikuwa wa Chomba, msichana wa benchi la tatu karibu na dirisha. Baba yake alimleta kutoka Kilwa baada ya Pasaka, kwa hiyo alikuwa na wiki tatu tu darasani na hakuwa amepata nafasi ya kulijua jibu.

“Mwalimu, yetu iko mita moja na kumi na mbili.”

Darasa likacheka, bila ubaya, kama watu wanavyomcheka mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

“Pima tena, mama,” Casimir alisema kwa upole, na akageukia zoezi la pili, maana mkaguzi alikuwa ametazama saa yake.

Chomba akapima tena. Alisogeza kidole chake alama kwa alama. Kisha akaliweka tete juu ya benchi, akatazama nje ya dirisha, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Somo likaendelea mpaka mwisho bila yeye. Mkaguzi alitikisa kichwa mara tatu zaidi, na Habiba, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika, akaandika kwamba alitikisa mara nne.

Watoto wakatoka. Juri ikaenda kunywa chai kwa direkta. Casimir akabaki na robo saa ya kuandika kujikosoa kwake.

Aliandika: sauti ilikuwa ndogo. Fundi bati wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameisikia, lakini hakuitwa kutoa ushahidi. Aliandika: ubao haukufutwa vizuri. Aliandika: muda haukutosha. Yote matatu yalimchukua dakika mbili. Dakika zilizobaki hakujua azifanyie nini, kwa hiyo alifanya alichofanya kila siku watoto wakitoka: aliyapitia mabenchi kwa macho, moja moja, akihesabu. Alipofika la tatu karibu na dirisha akasita. Akalikumbuka tete likiwekwa chini. Akakumbuka pia kwamba wakati huo saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini na tatu za somo, kwa sababu ni saa hiyo aliyokuwa akiitazama.

Akaenda, akachukua tete, akapima.

Akapima tena, safari hii akianzia upande mwingine, labda huko benchi lingekuwa na huruma zaidi. Mita moja na sentimita kumi na mbili.

Ndipo akakumbuka Jumamosi moja ya Februari, siku ya salongo, kazi ya lazima ya wote. Bati la paa lilivuja, ncha za mabenchi zilioza, na walimu na wazazi waliitwa kuzikata. Kazi ya taifa ilifanywa kwa furaha na bila kipimo. Msumeno ulikuwa na vishikio viwili. Kimoja alikishika yeye.

Tangu siku hiyo mastajeri watano walikuwa wamefundisha kupima katika darasa hili. Watano walikuwa wameandika 1 m 20, na wenzao huko nyuma walikuwa wamewakosoa juu ya sauti. Sasa yeye alikuwa wa sita. Watoto hawakuwa wamedanganya. Walikuwa wamejua, na anayejua hana haja ya kupima.

Kitambaa cha ubao kilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Nje, hatua za abakosi zilikuwa zinarudi. Hakuna aliyeona kitu, na Mitwaba ilikuwa mbali.

Kritiki ilifanywa kwa Kifaransa, kama sheria ilivyotaka. Casimir alisoma makosa yake matatu. Mkaguzi alisikiliza kama mtu anayesikiliza sala ya kabla ya kula. Habiba akafunika kalamu yake.

“Na la ine,” Casimir alisema, na kwa neno hilo mazungumzo yakahamia Kiswahili yenyewe, kama kawaida mambo yanapoharibika.

Habiba akatikisa kichwa kumkataza, kidogo sana, kama mama anayemwona mtoto akinyoosha mkono kwenye makaa.

“Nilimupoteza Chomba, dakika ya makumi mbili na tatu. Alipima. Mie sikupima.”

“Alipima nini?” mkaguzi aliuliza.

“Benchi. Iko mita moja na kumi na mbili.”

“Lakini ku ubao umeandika makumi mbili.”

“Njo lile kosa.”

Mkaguzi akainuka, akachukua mita ya mbao ya direkta, akapiga goti. Abakosi ililalamika mahali fulani mgongoni.

“Labda ni mita njo imerefuka, shefu,” direkta Alphonse alisema. “Mvua.”

Mkaguzi akasimama bila kumjibu, akapangusa goti. “Kumi na mbili. Sitwayeni Tshibangu, sheria unaijua?”

“Mie njo nabasomeaka bastajeri ile sheria.”

“Basi unajua ninalazimishwa kufanya nini.”

“Minajua.”

Habiba alikuwa amefunua kalamu tena. “Sitwayeni enspekta, niandike nini mu ripoti?”

“Andika mwalimu aliandika kipimo cha uongo.”

“Na juri?”

“Juri kitu gani?”

“Juri ilitikisa kichwa. Nilisha kuandika. Mara ine.”

“Futa.”

“Ni wino, shefu.”

Direkta Alphonse aliitazama ile ripoti kama mtu anayemtazama nyoka sebuleni. Habiba akafungua kitabu cha kanuni, taratibu, akaweka kidole.

“Apa banasema somo ni dakika makumi tano. Na mwalimu anaweza kusahihisha kosa lake kama dakika hazijaisha. Alimaliza ku dakika makumi ine.”

“Lakini yeye mwenyewe amesema muda haukutosha,” mkaguzi alisema.

“Basi hata lile kosa la tatu halikuwa la kweli,” Casimir alisema. “Liandikwe la tano.”

Miaka yake yote kazini mkaguzi alikuwa amewanyang'anya watu alama, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumletea mwenyewe kwa mikono miwili.

“Ita batoto,” akasema.

Watoto wakaingia wakiwa na wasiwasi. Kurudi darasani baada ya kritiki hakukuwa katika uzoefu wao. Casimir akasimama kando ya ubao.

“Pale nimeandika kitu sikupima,” alisema. “Chomba alipima. Njoo, mama, utuonyeshe.”

Chomba hakusogea. Benchi la mbele lilimsaidia kujibu.

“Mwalimu, iko makumi mbili! Kila siku iko makumi mbili!”

“Hata na bastajeri!”

“Mwalimu,” alisema yule aliyemkumbusha stajeri ngozi ya avoka, kwa sauti ya chini, kumwokoa mtu wake mbele ya wageni, “ii haiko mu fishi.” Fishi ni karatasi ya mpango wa somo, na yeye alizijua zote.

Chomba alikuja hatimaye, kwa sababu Casimir alishika ncha moja ya tete na ncha ya pili ilihitaji mtu. Kumi na mbili. Wakaja watatu kuhakikisha. Kumi na mbili. Kisha Casimir akasema kila benchi lipime lake, na hapo ndipo utaratibu wa miaka miwili ulipovunjika, maana msumeno wa salongo haukuwa umependelea mtu. Moja lilikuwa na mita moja na tisa. Lingine mita moja na kumi na saba. La nyuma kabisa lilikuwa na urefu mmoja mbele na mwingine nyuma, na wenye benchi hilo karibu wapigane. Mtoto mmoja alimjia Casimir mbio, akamvuta shati.

“Mwalimu, jibu ya kweli iko gani? Tuiseme bote.”

“Sijue. Pima.”

Walikuwa hawajawahi kumsikia akisema hivyo, na kelele ilipungua kwa nusu dakika kwa heshima ya jambo hilo. Kisha ikapanda maradufu. Matete hayakutosha. Wasichana wawili walimkuta mkaguzi amesimama bila kazi na mita ya mbao, wakampa ncha ya kushika.

“Shika muzuri, tata. Unatikisa.”

Akashika vizuri. Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Somo lenye fujo kama hilo Casimir hakuwa amelitoa tangu siku za turubai. Ubao mzima ulijaa namba, hakuna mbili zinazofanana, na katikati yake 1 m 20, ambayo hakuifuta. Aliipiga mstari tu, na chini yake akaandika jina la Chomba.

Juri ilikaa faragha nusu saa. Mkaguzi aliondoa alama kwa fujo, kwa kupita muda, na kwa zoezi ambalo halikuwa kwenye fishi. Kosa la ubaoni lilihesabiwa kuwa limesahihishwa ndani ya wakati, kwa kutumia saa ya direkta, ambayo ilikuwa imesimama. Jumla ilikuwa kumi juu ya ishirini. Kumi ndiyo alama ya chini ya kupita. Chini ya kumi kuna Mitwaba.

Habiba alimkuta Casimir uani, akipangusa chaki kwenye nyusi.

“Nilikwambia matatu, tata. Matatu!”

“Ulinifundisha muzuri. Mwanafunzi njo mubaya.”

“Nimetetemeka mpaka nimechafua ripoti.” Alilikumbatia faili lake. “Na ni mie nilikwambia uchague kupima. Nilituma bastajeri apa tangu mwezi wa pili, ninasoma mafishi yabo, ninaweka alama. Hata siku moja sikuuliza ile benchi.”

“Dakika ya ngapi?” Casimir aliuliza.

Alimpiga kwa faili begani, pigo ambalo katibu wa juri hapaswi kumpiga mtahiniwa, kisha wakacheka wote wawili mpaka direkta akachungulia.

Sokoni, Martine alikuwa anafungia mteja samaki. Hakuinua macho.

“Kumi,” Casimir alisema.

“Kumi juu ya kumi?”

“Juu ya makumi mbili.”

“Ile ni nusu.”

“Ni nusu.”

“Basi nusu gani ya weye inaenda Mitwaba?”

“Hakuna. Nusu inatosha.”

Martine akamaliza kufunga, akampa mteja, akamshukuru. Kisha akakaa chini juu ya gunia, ghafla, kama mtu aliyesimama tangu Januari, akajifuta uso kwa ncha ya kikwembe chake chenye harufu ya samaki.

“Balikukata kumi juu ya nini?”

“Juu ya kosa moja balikuwa habajaliona. Nililisema mie mwenyewe.”

Jirani wa meza ya pili, muuza chumvi, aliacha kupima ili asikose jibu.

“Mungu wangu,” Martine alisema. “Na minaolewa na uyu.” Akachagua samaki mmoja, mkubwa, si wa jana, akamfunga kwenye gazeti. “Peleka kwa ule mutoto wa Kilwa. Useme ni wa kwabo.”

Mastajeri walirudi Jumatano iliyofuata, maana waraka haukuwa umesema wasirudi. Casimir aliomba jambo moja tu, na Habiba akalitia saini: kila stajeri alete kitu ambacho jibu lake halijulikani na mtu yeyote chumbani, yeye mwenyewe akiwemo. Wiki ya kwanza walikuwa na hofu kama watu walioambiwa waje bila viatu. Watoto nao walilalamika. Walikuwa mafundi, na sasa walirudishwa kuwa wanafunzi.

Ni Chomba aliyependekeza mlingoti wa bendera. Hakuna aliyejua urefu wake. Lakini mlingoti ni wa Chama, na direkta Alphonse alisema haupimwi bila ruhusa, kwa hiyo Casimir akaandika barua, nakala tatu, akieleza sababu za kielimu. Wakisubiri jibu, darasa lilipima kivuli chake, asubuhi na adhuhuri, kila siku. Kila mara walipata urefu mwingine, na kila mara walikimbia kumwambia direkta, ambaye alianza kutokea mlango wa nyuma.

Likizo ilifika jibu la barua likiwa halijaja. Vipimo vya kivuli vilijaza daftari mbili.